Mtoto anapozungumza na akili unde: Mwongozo kwa wazazi wa Jericho

Katika nyumba nyingi za mtaa wa Jericho, simu ya mzazi ndiyo simu ya nyumba nzima. Mchana ni ya biashara na M-Pesa. Jioni, mwalimu akituma kazi ya ziada kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, simu hiyo huingia mkononi mwa mtoto wa Gredi ya 7, kisha kwa nduguye mdogo. Saa tatu usiku mzazi huirudisha kwenye chaji akiamini kwamba kilichofanywa ni Hesabu na Insha.

Siku hizi huenda kuna zaidi ya hayo. Mtoto huandika swali la Sayansi kwenye programu ya akili unde, ambayo wengi huiita AI, na kujibiwa. Dakika kumi baadaye huuliza jambo jingine: kwa nini marafiki wamemtenga, kama mwili wake uko sawa, au afanye nini baba na mama wanapogombana. Programu humjibu papo hapo, kwa upole, bila kumkaripia. Mzazi ameketi hatua mbili kutoka hapo na hajui kwamba swali hilo limeulizwa.

Makala haya yanaeleza jinsi mazungumzo hayo yanavyofanyika, yanapohifadhiwa, na jinsi mzazi anavyoweza kuyafuatilia bila kumfanya mtoto ajifunze kuficha.

Kwa nini suala hili linahusu Nairobi

Ripoti ya kimataifa ya Digital 2025 ilionyesha kwamba asilimia 42.1 ya watumiaji wa intaneti nchini Kenya wenye umri wa miaka 16 na zaidi walikuwa wametumia ChatGPT katika mwezi uliotangulia. Hakuna nchi nyingine iliyoipita Kenya katika hesabu hiyo. Takwimu hizo hazikuwagusa watoto wa chini ya miaka 16, lakini simu wanazotumia watoto hao ndizo hizohizo za kaka, dada na wazazi wao.

Programu zenyewe ni nyingi. Mbali na ChatGPT kuna Gemini ya Google, ambayo huja na simu nyingi za Android, na kuna Meta AI, ambayo kwenye baadhi ya simu huonekana kama duara la rangi ndani ya WhatsApp. Zipo pia programu ambazo mtoto huzungumza na "rafiki" au "mpenzi" wa kubuniwa aliyepewa jina, picha na tabia. Kundi hili la mwisho ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi.

Programu hizi hufanyaje kazi

Programu ya gumzo haifikirii kama mtu wala haimjui mtoto. Imesomeshwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni kukisia maneno yanayofaa kufuata yale yaliyoandikwa. Ndiyo maana huweza kutoa jibu la Historia lenye makosa kwa lugha ya kujiamini kabisa. Pia imeundwa iwe ya msaada na ya kupendeza, kwa hiyo mara nyingi huelekea kukubaliana na anayezungumza nayo. Mtoto akisema kwamba kila mtu shuleni anamchukia, mwalimu mzuri atauliza ni nani hasa na limetokea nini. Programu inaweza kumpa pole na kuendelea kana kwamba jambo hilo limethibitishwa.

Kampuni huweka vichujio vya kuzuia majibu hatari. Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa hapahapa Nairobi: kati ya mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022, wafanyakazi waliokuwa jijini walisoma na kuainisha maandishi ya ukatili na dhuluma ili programu ya OpenAI, kampuni inayomiliki ChatGPT, ijifunze kuyatambua. Jarida la TIME liliripoti habari hiyo Januari 2023.

Hata hivyo, vichujio hivyo vina kikomo. Agosti 2025, OpenAI yenyewe ilikiri kwamba ulinzi wake hufanya kazi vizuri zaidi katika mazungumzo mafupi, na kwamba unaweza kudhoofika mazungumzo yanapokuwa marefu. Kwa mzazi, maana yake ni hii: swali moja la kazi ya ziada halina uzito sawa na gumzo linaloendelea usiku baada ya usiku.

Hofu hii haikuzuka bure. Nchini Marekani, mvulana wa miaka 14 katika jimbo la Florida alijitoa uhai Februari 2024 baada ya kuzungumza kwa miezi na mhusika wa kubuniwa kwenye programu ya Character.AI. Aprili 2025, mvulana mwingine wa miaka 16 huko California alijitoa uhai baada ya mazungumzo marefu na ChatGPT, ambayo alikuwa ameanza kuitumia kwa kazi za shule. Familia zote mbili zilienda mahakamani. Mwishoni mwa Novemba 2025, Character.AI iliacha kuruhusu watumiaji wa chini ya miaka 18 kufanya mazungumzo huru na wahusika wake. Katika visa vyote viwili, wazazi walifahamu uzito wa mazungumzo hayo walipoyasoma baada ya msiba.

Simu ni ya nani, akaunti ni ya nani?

Hili ni swali la kwanza kwa mzazi wa Jericho, na mara nyingi husahaulika. Masharti ya ChatGPT yanasema kwamba mtumiaji awe na umri wa angalau miaka 13, na aliye chini ya miaka 18 awe na idhini ya mzazi. Akaunti ya kawaida ya WhatsApp pia huhitaji miaka 13. Akaunti ya kijana iliyosajiliwa kwa umri wake wa kweli hupewa ulinzi wa ziada dhidi ya maudhui ya ngono, ukatili na kujidhuru.

Mtoto anapotumia simu ya mama, hutumia akaunti ya mama. Programu inaweza kuamini inazungumza na mtu mzima wa miaka 40. Ulinzi uliowekwa kwa ajili ya watoto unaweza usifanye kazi, kwa sababu programu haioni kwamba mkono ulioshika simu umebadilika. Hali inaweza kuwa hiyohiyo mtoto anapojisajili kwa mwaka wa kuzaliwa wa uongo.

Simu ya pamoja ina faida moja: historia ya mazungumzo imo ndani ya simu ya mzazi. Mtoto mwenye simu yake na akaunti yake ya kweli anaweza kupata ulinzi wa kampuni, lakini historia yake haiko machoni pa mzazi. Kila familia ijue iko upande upi kabla ya kuamua hatua za kuchukua.

Kufuatilia kwa uwazi, si kwa kuvizia

Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha katika Ibara ya 31, na mtoto ni mtu. Ibara ya 53 inampa mtoto haki ya malezi na ulinzi wa wazazi wote wawili, na kusema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya 2022 inafuata njia hiyohiyo: inalinda faragha ya mtoto, na pia inatambua haki ya mzazi ya kusimamia mwenendo wa mwanawe kwa kiasi kinachofaa.

Kwa hivyo mzazi ana haki ya kufuatilia. Kiasi kinachofaa hutegemea umri na hatari iliyopo. Mtoto wa miaka 9 hana sababu ya kuzungumza na programu hizi peke yake. Aketi na mtu mzima. Kijana wa miaka 16 ana mambo yake ambayo mzazi hahitaji kuyasoma neno kwa neno, isipokuwa dalili za hatari zionekane.

Kuvizia kuna gharama. Mtoto akigundua kwamba mama husoma mazungumzo yake usiku akiwa amelala, atafuta historia, atatumia gumzo la muda ambalo halihifadhiwi, au ataomba simu ya rafiki pale Camp Toyoyo mpira ukiendelea. Mazungumzo hayo yataendelea, na mzazi hatayaona tena.

Uwazi huanza na maneno machache kabla simu haijatolewa. Mzazi anaweza kusema hivi: "Mwanangu, hii simu utaitumia, na hiyo AI unaweza kuiuliza mambo ya shule. Jumapili jioni tutaketi tuangalie pamoja ulichouliza. Nikikuta kitu cha kunitia wasiwasi nitakuuliza. Sitakupiga kwa swali ulilouliza." Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo inayobeba mengine yote. Mtoto akiadhibiwa mara moja kwa swali kuhusu mapenzi au mwili wake, hatauliza tena mahali ambapo mzazi anaweza kuona.

Hatua ambazo mzazi anaweza kuchukua

Hatua hizi hazihitaji malipo. Zinahitaji simu yenye intaneti na muda wa takriban nusu saa.

1. Tafuta programu zilizopo. Fungua orodha ya programu zote kwenye simu, si zile za ukurasa wa mbele pekee. Angalia pia ndani ya WhatsApp na Instagram, kwa kuwa gumzo la akili unde linaweza kuwa humo bila programu yake yenyewe. Usiyemjua mhusika aliyepewa jina na picha, muulize mtoto ni nani.

2. Jua historia inapohifadhiwa. Kwenye ChatGPT na Gemini, gusa alama ya menyu iliyo pembeni ya skrini ili uone orodha ya mazungumzo yaliyopita, kila moja likiwa na kichwa kifupi. Ndani ya WhatsApp, gumzo la Meta AI hukaa pamoja na magumzo mengine. Kumbuka kwamba mazungumzo yanaweza kufutwa. Historia tupu kwenye simu inayotumiwa kila siku ni sababu ya kuuliza, lakini haithibitishi kosa.

3. Unganisha akaunti yako na ya kijana. Tangu mwisho wa Septemba 2025, ChatGPT inamruhusu mzazi kuunganisha akaunti yake na ya mtoto wa miaka 13 hadi 17. Mzazi hutuma mwaliko kupitia mipangilio, na kijana anaukubali. Baada ya hapo mzazi anaweza kuweka saa ambazo programu haitumiki, kwa mfano kuanzia saa tatu usiku, na kuzima sauti, utengenezaji wa picha, na kumbukumbu ya mazungumzo yaliyopita. Mpango huu haumwonyeshi mzazi mazungumzo yenyewe. Anaweza kupata arifa iwapo mfumo umeona dalili za hatari kubwa, na pia huarifiwa kijana akijiondoa.

4. Tumia Family Link kwa mtoto mdogo mwenye simu ya Android. Programu hii ya bure ya Google humwezesha mzazi kuidhinisha au kukataa programu kabla haijawekwa, kupanga muda wa kutumia simu, na kuzima Gemini kwenye akaunti ya mtoto.

5. Weka kanuni ya mahali na wakati. Katika nyumba ndogo hili ni rahisi kuliko mipangilio yoyote. Simu itumike mezani, taa ikiwa imewaka, na usiku ilale kwenye chaji upande wa mzazi. Mazungumzo ya hatari mara nyingi ni yale marefu ya usiku wa manane.

6. Uliza pamoja naye. Keti na mtoto, fungua programu, na uiulize jambo unalolijua vizuri: historia ya kijiji chenu, bei za soko la Jericho, au jina la mtu wa ukoo. Mtoto akiona programu ikikosea kwa kujiamini, atajifunza zaidi kuliko kwa onyo la mdomo.

Cha kutazama unapopitia mazungumzo

Mzazi hahitaji kusoma kila mstari. Maswali ya shule, utani na udadisi wa kawaida wa ujana yapite. Yafuatayo yanahitaji kusimama na kuuliza:

Kwanza, mtoto kutoa habari zake. Jina kamili, shule, namba ya nyumba, picha akiwa na sare, au namba ya simu ya mzazi havifai kuandikwa humo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahitaji idhini ya mzazi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa, na inachukuliwa kwa uzito: Septemba 2023, shule moja jijini Nairobi ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hata hivyo, habari ambayo mtoto ameiandika mwenyewe ni vigumu kuirudisha.

Pili, siri kati ya mtoto na programu. Maneno kama "wewe pekee ndiye unanielewa", au programu kumjibu kana kwamba ni mpenzi wake, yanaonyesha kwamba nafasi ya watu imeanza kuchukuliwa.

Tatu, ushauri wa afya. Mtoto anayeuliza kuhusu dawa, mimba, au njia za kupunguza uzito anahitaji mtu wa afya, na pengine anaogopa kumuuliza mzazi.

Nne, kukata tamaa. Maneno ya kutaka kutoweka, kujidhuru, kuwa mzigo kwa familia au kujitoa uhai yachukuliwe kwa uzito kila mara, hata yakiandikwa kwa mzaha au kwa Sheng.

Tano, mtu mzima nyuma ya pazia. Mtoto anaweza kuiuliza programu jinsi ya kumjibu mtu anayemtumia picha chafu au anayemtishia. Hapo tatizo si programu. Programu imekuwa mahali pa kwanza ambapo mtoto ameomba msaada.

Dalili nyingine hazimo ndani ya simu. Mtoto anayekosa usingizi, anayeacha marafiki, anayeshusha alama ghafla au anayekasirika kupita kiasi simu inapochukuliwa, anahitaji kuulizwa habari zake kabla ya kuulizwa habari za simu.

Ukikuta jambo zito

Usipige kelele na usifute chochote. Mazungumzo hayo yanaweza kuwa ushahidi, au yakamsaidia daktari kuelewa. Piga picha ya skrini na uihifadhi. Lakini ikiwa kuna picha chafu za mtoto, usizinakili wala usizisambaze kwa yeyote, bali peleka simu yenyewe kwa polisi.

Kisha keti na mtoto mahali pa faragha. Anza na unachokiona: "Nimesoma ulichoandika jana usiku. Nimeumia kwamba ulikuwa na uchungu huo peke yako. Niambie." Muulize waziwazi kama amefikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpi mtoto wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema. Ikiwa jibu ni ndiyo, asiachwe peke yake usiku huo, na msaada utafutwe mara moja.

Baadhi ya familia huogopa kwenda hospitalini kwa kudhani mtoto atashtakiwa. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujitoa uhai kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Hilo ni suala la afya, na litibiwe hivyo.

Ikiwa kuna mtu anayemtongoza au kumtishia mtoto mtandaoni, hilo ni kosa la jinai. Mtoto asilaumiwe kwa kumjibu mtu huyo.

Mahali pa kupata msaada

Childline Kenya: piga 116. Simu ni ya bure, saa 24, kwa mtoto au mzazi.

Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI): piga 0800 722 203 bila malipo. Idara hiyo ina kitengo maalumu cha kulinda watoto. Taarifa pia inaweza kuandikishwa katika kituo chochote cha polisi kilicho karibu. Omba namba ya OB.

Afisa wa Watoto wa Kaunti Ndogo ya Makadara: kwa mtoto anayehitaji ulinzi, au familia inayohitaji ushauri.

Kituo cha afya kilicho karibu: muulize mhudumu kuhusu ushauri nasaha au rufaa. Mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba zenu anaweza kukuelekeza.

Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data: kwa malalamiko kuhusu picha au habari za mtoto zilizotumiwa bila idhini.

Shule: mwalimu wa ushauri na uelekezi. Mzazi anaweza pia kuomba suala hili liwekwe kwenye ajenda ya mkutano ujao wa wazazi, ili kanuni za nyumbani na za shuleni zifanane.

Na kwa kazi ya ziada isiyohitaji simu kabisa, maktaba za kaunti za Makadara na Kaloleni zina vitabu na meza za kusomea. Mtoto anayeenda huko na wenzake jioni moja kwa wiki anapata pia watu wa kuuliza maswali.